Istikhara Ambayo Sikuisali

Asila mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka na baba yako kwenda kununua godoro la bwenini, mmeanza kubishana kabla gari halijatoka uani, yeye anataka gumu kwa ajili ya mgongo, wewe unataka laini kwa ajili ya raha, na simu yako umeisahau juu ya friji. Hali yangu ndiyo usiyoijua, nayo ndiyo iliyonikalisha hapa mezani jikoni, nimechana kurasa za katikati za daftari langu la wanafunzi wa udereva. Kesho asubuhi unakwenda Sur kuanza chuo. Nina muda kutoka alasiri hii mpaka mtakaporudi, na baba yako akiingia dukani hatoki upesi.

Maagizo sikupi. Kufunga mlango, kunywa maji, kutopokea simu ya usiyemjua, hayo yote baba yako keshayaandika kwenye karatasi, na ataibandika mwenyewe kwenye kabati lako, utake usitake. Mimi nina jambo moja tu. Kila nikilikaribia nainuka. Tangu niandike mstari wa kwanza nimeshaosha vikombe vya kahawa mara mbili, na vilikuwa visafi.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Najua Kiarabu kingekuwa chepesi kwako, na Kiingereza chepesi zaidi, na Kiswahili chako ni cha kuokoteza, cha "hii kitu" na "ile watu", bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiziba masikio. Lakini Kiarabu mimi nilijifunza kwa kujihami, na mpaka leo nikikiandika najipamba. Kiswahili hakinipi pa kujificha. Utaisoma polepole, neno kwa neno, na ndivyo ninavyotaka.

Basi nalisema. Ile istikhara sikuisali.

Hata rakaa moja. Wala ndoto sikuota.

Nimeinuka, nimerudi. Nimekwenda mpaka chumbani kwako, nimelitazama sanduku lako limefungwa kamba kama la mtu anayehama nchi, nimerudi. Ngoja nilieleze kwa utaratibu, maana najijua, nikiachiwa nitaruka.

Siku ile ulikuja hapa hapa jikoni na kompyuta mkononi, wiki moja baada ya kupata nafasi yako ya Sur. Ukaniwekea juu ya meza, katikati ya unga. Fomu ya chuo kile cha Uingereza, kile ambacho hata mimi ninayeshinda garini nimekisikia jina, kinachorudisha watoto wenye vyeti vya kujaza ukuta. Ukanambia, "Mama, mimi nataka kuomba. Kujaribu tu, bas. Abla anayetusomesha Kiingereza anasema n'na nafasi."

Nikakuuliza, "Na Sur?"

"Sur ntakwenda, ntaanza. Ile nyengine jibu yake inakuja baadaye. Nikipata, ntahama. Nikikosa, khalas, niko Sur."

Ulikuwa umeshapanga kila kitu. Nilitafuta tundu la kupenyea sikuliona. Nikafikiri kusema tumuulize baba yako, lakini mimi na wewe tunajua baba yako hajapata kukwambia hapana tangu ulipozaliwa. Nikabaki nakanda unga uliokwisha kukandika. Ndipo uliposema lile neno, nawe hukulisema kwa ubaya. "Mama, babu alikukatalia wewe. Wewe usinifanyie mimi hivo hivo."

Nikakujibu, "Ngoja nikusalie istikhara, Mungu atuchagulie."

Ulifurahi! Ukanibusu kichwani, unga ukakuingia puani ukapiga chafya. Ulidhani nimelichukua jambo lako kwa uzito, nimelipeleka kwa Mwenyewe. Kumbe nilikuwa natafuta siku tatu za kupumua. Usiku wa kwanza nilitandika msala nikakaa juu yake nasoma habari kwenye simu. Wa pili sikuutandika. Siku ya nne, asubuhi, unamimina chai, nikakwambia nimeota mara tatu maji meusi yamejaa uani, wewe uko upande wa pili, nakuita husikii. Ona nilivyopamba. Hata rangi niliitia.

Uliweka birika chini. Ukasema, "Basi, mama. Kheri iko kwengine." Ukaenda kuifunga kompyuta. Baba yako alipouliza kulikoni, ukamwambia umebadilisha mawazo tu, wala hukunitaja. Wewe unayebisha kwa godoro, unayebisha kwa chumvi ya mchuzi, hukubisha. Ungebisha ningekuwa na la kushikilia. Ulikubali kwa sababu ulidhani aliyekataa si mimi.

Hilo ndilo linalonitoa kitandani, linanitoa kwenye kiti, linanifanya nipitilize njia za nyumbani nikiwa na mwanafunzi garini. Mama kumkatalia mtoto ni jambo la kawaida, mtoto hununa, hukasirika, huzunguka kwa baba. Mimi nilikufungia mlango kisha nikakwambia ameufunga Mungu. Mtu atazungukia wapi hapo?

Na lipo la pili, Asila. Lililonifundisha la kwanza.

Babu yako hakunikataza kusoma.

Najua. Hadithi umeikuta, umeinyonya na maziwa. Mama yako angekuwa daktari, ila mzee alikataa binti kupanda ndege. Shangazi yangu Zuwena wa Nizwa anaisimulia kila sikukuu, na kila akiisimulia wewe ulikuwa ukiitazama picha ya babu ukutani kwa jicho la pembeni. Nilikuwa naliona jicho hilo. Nikipitisha halwa.

Tulifika Ibra, hapa Oman, kutoka Unguja nikiwa na miaka kumi. Nyumbani tulikuwa tukiitwa Waarabu, hapa tukawa Wazanzibari, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani bila kujua maana. Babu yako alikuwa karani wa bandarini kule. Hapa alikuwa hana kitu cha kufanya, anashinda akivaa vizuri na kutoka. Darasani mwalimu akauliza kila mtoto baba yake anafanya nini. Nikasimama. Nilitaka kusema anatafuta kazi. Wewe unajua kazi kwa Kiarabu ni 'amal, kwa ile sauti ya ndani ya koo, na ukiikosa ile sauti linakuwa neno jingine, amal, tumaini. Sisi Waswahili wa wakati ule koo hiyo hatukuwa nayo. Nikasema kwa sauti kubwa, baba yangu anatafuta tumaini. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye, ingawa aligeuka ubaoni asionekane. Mwaka mzima niliitwa Binti Tumaini. Leo nikilisimulia watu hucheka na mimi nacheka nao, lakini wakati ule niliapa kutofungua mdomo mbele ya watu mpaka niwe na uhakika na kila herufi. Nikawa bubu mwenye alama nzuri.

Na alama zilikuwa nzuri kweli. Nilipomaliza sekondari, mwalimu wa baiolojia, Abla Ihsan, Msudani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwanamume, alinifuata mpaka kwenye basi la shule na karatasi. Kulikuwa na baatha, nafasi ya kupelekwa nje kusoma udaktari, na jina langu yeye ndiye aliyelipeleka bila kunambia. Kilichobaki ni mambo mawili, baba atie saini ya kuridhia, na mimi niende Maskat kwa mahojiano. Watu watano nyuma ya meza, akasema, wanakuuliza na wewe unajibu, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. "Wewe hilo kwako ni maji," akanambia.

Mimi nilichokisikia ni watu watano.

Karatasi ile babu yako hakuiona kamwe. Nilikaa nayo siku mbili ndani ya buibui, kisha jioni moja nikaichana vipande vidogo nikaitia kwenye chetezo, kidogo kidogo, pamoja na udi. Mama akapita akauliza, "Udi gani huu unanuka kama skuli?" Asubuhi nikamwambia Abla Ihsan baba kakataa. Nilimtazama usoni nikalisema. Aliniamini mara moja, na wala sikulazimika kuongeza kitu, kwa sababu wakati ule baba wa kukataa walikuwa wengi, hakuna aliyeshangaa kuongezeka mmoja. Alikasirika sana, akatukana wanaume wa dunia nzima, akanikumbatia. Naona haya mpaka leo nikikumbuka nilivyokumbatiwa.

Habari ikatoka shuleni ikafika kwa shangazi, kwa shangazi ikafika Oman nzima.

Babu yako aliisikia mara ya kwanza wiki ya harusi yangu. Watu wamejaa sebuleni, mimi nimeingia na sinia la kahawa, shangazi akasema mbele yake, kwa mdomo wake ule usio na mlango, "Huyu leo angekuwa daktari, lakini ndugu yangu huyu! Kamkatalia mtoto!" Nilisimama na sinia. Baba akaniangalia. Si kwa muda mrefu. Kisha akawageukia watu akasema, "Niliogopa kumwachia. Mwana wa kike, na dunia yenyewe." Akanyoosha mkono apewe kahawa.

Hakuniuliza siku ile, wala kesho yake, wala mwaka wa pili. Alilichukua kosa langu akalivaa, na watu wakamtazama nalo mpaka anakufa. Mimi nikaona nimesitirika. Ukisitiriwa hivyo mara moja unazoea. Unaona mtu wa kubeba woga wako atapatikana siku zote.

Nilipata nafasi ya kulisema. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa ndiye ninayempeleka Maskat kwa daktari. Tukifika Bidbid anataka tusimame, barabara yetu inapokutana na ya Nizwa, tunywe chai ya maziwa kwenye vibanda vya njiani. Siku moja tumekaa garini na vikombe vya karatasi, akanionesha kwa kidevu barabara ya kwendea Maskat, akasema, "Ningekupeleka, unajua."

Nikamwambia, "Najua, baba."

Akasema, "Basi," akapuliza chai yake. Alinifungulia mlango wazi wazi, na mimi nikajibu maneno mawili nikawasha gari. Alikufa kabla ya Ramadhani. Sikumwomba radhi.

Nimeinuka tena. Nimemwagilia mlimau wenu ule usiozaa. Jua bado kali, na nyinyi bado.

Utauliza kwa nini nakwambia leo, wakati miaka yote nimenyamaza. Si uchamungu, usinisifu. Ni mwanafunzi wangu.

Unamjua, yule mama wa watoto wanne anayetuletea tende za shamba lao. Unajua mtihani wa mapipa ndio unaowaliza wote, kurudi nyuma baina ya mapipa bila kuyagusa. Yeye anarudi vizuri kuliko mimi. Lakini kila nikitaka kumwandikisha mtihani ananambia, "Abla, mume wangu hajaridhia." Mwaka mzima nimemlaani yule bwana moyoni mwangu, kila siku ya somo. Wiki iliyopita akaja mwenyewe. Kanzu imepigwa pasi, kilemba kimekaa sawa, akasimama mbali kidogo na dirisha kwa adabu. "Samahani ukhti," akasema, "mke wangu ana kasoro gani? Ananambia kila mwezi kuwa wewe ndiye unayemzuia."

Nikamgeukia mwenye mambo yake. Kashika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa. Unanijua mdomo wangu. Nilivuta pumzi nimfokee mpaka wasikie sokoni, nikaitoa bure. Kwangu anamsingizia mume, kwa mume ananisingizia mimi, na katikati yetu kakaa na woga wake salama salimini. Mimi nilikuwa na baba na nilikuwa na Mungu. Amenizidi nini?

Nikamwambia yule bwana, "Hana kasoro, ndugu yangu. Anaogopa tu." Mwanamke akaanza kulia. Mume akatahayari, akasema, "Kumbe ni hilo tu?" kama mtu aliyeambiwa kilichokuwa kikigonga kwenye injini ni kijiko. Wakaondoka. Mtihani ataufanya mwezi ujao. Mimi nilibaki garini mpaka mwanafunzi mwengine akaja kugonga kioo.

Siku ya pili nikapiga simu Nizwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Asila keshakwenda?"

"Bado. Shangazi, baba hakunikataza."

"Hakukukataza n'ni?"

"Kwenda kusoma. Ile karatasi sikumpa. Niliichoma mwenyewe."

Nikamsikia sauti imekuwa ndogo, "Miaka yote hii nimekaa namsengenya ndugu yangu, namla nyama. Na mwenyewe yumo kaburini." Akalia. Na mimi nikalia. Kisha akanitukana tusi la mtaani kwao Unguja ambalo sitakuandikia, ingawa ulistahili kulisikia kwa uzuri wake, na mwisho akasema, "Sasa kamwambie mwanao. Kamwambie wewe. Ukiniachia mimi, ntalitia chumvi."

Huyo ndiye shangazi yangu. Hajapiga simu tangu siku hiyo, na haki yake.

Juzi, baada ya adhuhuri, nikasema nitengeneze. Niisali kweli, japo nimechelewa, nikwambie jibu la haki. Nikatia udhu, nikasali rakaa zangu mbili, nikafungua kitabu cha dua. Unajua ile dua ina mahali unapolitaja jambo lenyewe, kwa jina lake. Nikafika pale nikakwama. Nitaje nini? Nikisema "Asila kuomba chuo kile," moyo unamalizia wenyewe, "asikipate." Nikarudia mara ya pili, ukamalizia vile vile. Dua ile mtu humwachia Mungu achague, na mimi nilikwenda mbele yake nimeshachagua, nataka muhuri tu. Nikakunja msala. Nilitoka jasho, na kiyoyozi kinawaka.

Basi kwa nini? Nimejiuliza nikifua, nikipika, nikifundisha watu kuangalia kioo cha nyuma. Nakupa majibu niliyoyapata, si mazuri.

La kwanza lile la mama wote, usije ukaenda usirudi. Hilo ningeweza kukwambia bila haya. La pili, usije ukakataliwa. Chuo kile kinakataa watoto waliozaliwa ndani ya vitabu, sembuse binti wa mwalimu wa udereva wa Ibra, na moyoni nilishakuona umekaa nyuma ya nyumba na barua ya kukataliwa, nami sina la kukwambia kwa sababu mimi mwenyewe sijapata kukataliwa. Sikujaribu. Hicho ndicho nilichokipata kwa kuchoma ile karatasi, sijapata kukataliwa na mtu.

La tatu ni hili. Nilikuonea wivu.

Nimeliandika, na halifutiki, kalamu ni ya wino. Ulipoiweka ile kompyuta juu ya unga wangu, ukasema "kujaribu tu, bas", kwa wepesi ule, kama mtu anayekwenda kuonja mchuzi, nilichomwa hapa kifuani. Miaka karibu thelathini nimejenga nyumba nzima juu ya kwamba jambo lile lilikuwa haliwezekani. Wewe ukaja na Kiswahili chako kibovu ukasema linawezekana, na kama haliwezekani basi utakwenda Sur. Nikaona ukifaulu, mimi nitakuwa nimeshindwa na nini? Mama humwombea mwanawe amzidi. Mimi nilikuombea, wallahi, tangu tumboni. Sikujua kuwa siku utakapoanza kunizidi itaniuma.

Usinifahamu vibaya sasa. Sikwambii uombe. Ukiniona nimegeuka ghafla nakusukuma, nisukume na wewe, maana itakuwa naisaka ile karatasi yangu ndani ya fomu yako. Sitaki usome kwa ajili yangu. Chuo nilichokimbia nilikikimbia mimi, hakuna wa kunilipia. Na Sur si adhabu. Una chumba, una nafasi ambayo wenzio wameililia, una bahari ya kutazama jioni, na watu wazima wamekuwa watu wazima kwa kupitia vyuo vidogo kuliko hicho.

Ninachokuomba ni kidogo. Ukiacha, acha kwa sababu zako. Sema hutaki baridi. Sema insha yao ya kujieleza inakuchosha, kwa sababu kweli, nani anataka kuwaeleza watu wasiomjua kwa nini wampende? Sema unaogopa, hilo nalo ni sababu, ilimradi ulitaje kwa jina lake na ujue ni la nani. Lakini usiache kwa sababu ya maji meusi. Uani hapakuwa na kitu. Palikuwa na mlimau na baiskeli yako ya zamani.

Na ukiomba, omba ukijua wanaweza kukurudisha. Ukirudishwa itakuuma, na wapo watakaofurahi, wengine ndugu zetu, watakuja na sahani ya vitumbua kuja kukuangalia uso. Nitakaa na wewe. Sina uzoefu, lakini nitakaa. Ukikubaliwa, itakuuma namna nyengine, mimi hasa, na hilo niachie mwenyewe.

Fomu bado haijafungwa. Nilifungua kompyuta yako leo asubuhi, nisamehe na hilo. Kila kitu umejaza, hata jina la babu umeliandika vizuri, imebaki ile insha na barua ya abla wako ya kukupendekeza. Nilishika simu nimpigie, nimwambie asiitupe ile barua, asubiri. Nikaiweka chini. Nimeshasema maneno ya kutosha kwa niaba ya watu. Mpigie wewe, ukitaka. Usipotaka usimpigie.

Na istikhara isali mwenyewe. Ni yako, haisaliwi na mtu mwenye tamaa zake. Usingoje ndoto, waliosoma wanasema ndoto si sharti, ni sisi tuliozoea kuzisaka. Utasali, kisha utafanya, na jambo litafunguka au litafungika. Ndivyo alivyokuwa akinifundisha babu yako, na nilikuwa nikiitikia tu.

Nasikia gari. Nalijua kwa breki zake, nimemwambia baba yako mara ngapi zinalia.

Nilikusudia kuichomeka barua hii ndani ya sanduku, uikute Sur, mimi niko mbali. Lakini siku ya kufunga fomu haisubiri mtu afungue kamba zile zote. Nakupa mkononi sasa hivi. Isome hapa jikoni, unifokee ukimaliza, kwa lugha yoyote. Utalia labda, na baba yako atakuja na godoro kichwani aulize kuna nini, nawe nakujua, utasema hakuna kitu, utasema kitunguu. Usiseme kitunguu. Mwambie mama aliogopa, akamsingizia Mungu. Babu yako alinisitiri, na nilipotea ndani ya sitara ile maisha yangu yote. Wewe nipende, ukiweza, lakini usinisitiri.

Mama yako